CHINI YA MLIMA WA MOTO KUNA NINI? Jinsi matetemeko yanavyotumika kuchora picha ya tumbo la volkano



Kila ardhi inapotikisika upande wa magharibi ya Uganda, au jamaa anapopiga simu kutoka Goma, maswali yanayotufikia ofisini huwa yale yale. Je, mlima unataka kulipuka tena? Ni kweli kwamba chini ya mji wa Goma kuna ziwa la moto, na siku moja mji wote utatumbukia? Na wale watu wanaokuja na sanduku, betri na paneli ya sola, wakachimba shimo na kwenda zao, wanatafuta nini?

Makala hii inajibu maswali hayo kwa lugha nyepesi. Isome, kisha umsomee jirani asiyejua kusoma.

KALDERA NI NINI?

Volkano hujengwa na mawe yaliyoyeyuka yanayopanda kutoka chini. Yakiwa bado ardhini huitwa magma. Yakishatoka nje huitwa lava. Magma haipandi safari yote kwa mara moja. Hukaa njiani, katika sehemu ambazo wataalamu huziita ghala la magma.

Ghala hilo likitoa vitu vingi kwa muda mfupi, paa lake hukosa cha kulishikilia. Unajua jinsi sakafu ya choo cha shimo inavyokatika pale maji ya mvua yanapoondoa udongo wa chini yake. Ndivyo na mlima unavyokatika. Kilele huporomoka na kubaki shimo pana lenye kingo zilizosimama. Shimo hilo ndilo kaldera. Neno hilo limetoka katika Kihispania, na maana yake ni sufuria kubwa.

Usichanganye kaldera na kreta. Kreta ni tundu ambalo mlima hutolea lava, au tundu lililotobolewa na mlipuko. Yale maziwa madogo ya mviringo unayoyaona karibu na Fort Portal, Kasenda, Bunyaruguru na Katwe yamo ndani ya kreta za milipuko. Kaldera hutokana na kuporomoka, na kwa kawaida ni kubwa zaidi.

Afrika Mashariki ina kaldera nyingi. Ngorongoro nchini Tanzania ina upana wa karibu kilometa 20. Menengai, juu ya mji wa Nakuru nchini Kenya, ina urefu wa karibu kilometa 12. Mlima Elgon, mpakani mwa Uganda na Kenya, una kaldera ya karibu kilometa 8, lakini mlima huo umezimika tangu zamani sana. Kwa wale mliotoka Kivu ya Kaskazini, kaldera yenu ni ya Nyamulagira. Upana wake ni kama kilometa 2 tu, lakini iko hai. Mwaka 1938 mlima huo ulianza kumwaga lava, ukaendelea hadi 1940. Lava ilifika Ziwa Kivu upande wa Sake, na sehemu ya sakafu ya kaldera ikaporomoka.

Jirani yake Nyiragongo haina kaldera kubwa. Ina kreta yenye upana wa zaidi ya kilometa moja, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na ziwa la lava lililoonekana usiku kutoka Goma.

KWA NINI WASICHIMBE TU?

Shimo refu kuliko yote lililowahi kuchimbwa na binadamu kwenda chini liko Kola, nchini Urusi. Lilifika kilometa 12 na kidogo mwaka 1989, baada ya kazi ya miaka karibu 20. Ghala la magma huweza kuwa na kina hicho au zaidi. Tena shimo moja halionyeshi ila pale lilipopita. Kwa hiyo ilibidi kutafuta njia ya kuona bila kuchimba.

Njia hiyo mnaijua. Ukitaka kujua tangi la plastiki pale bombani lina maji kiasi gani, unaligonga kwa mkono. Sehemu tupu hutoa sauti moja, na sehemu yenye maji hutoa sauti nyingine. Wataalamu wa matetemeko wanafanya hivyo hivyo, ila anayegonga ni tetemeko lenyewe, na sikio ni kifaa kilichofukiwa ardhini.

MAWIMBI MAWILI YA TETEMEKO

Mwamba unapokatika chini ya ardhi, mtikisiko hutoka pale na kwenda pande zote, kama mawimbi ya maji ukitupa jiwe bwawani. Ndani ya ardhi husafiri mawimbi ya aina mbili.

Wimbi la kwanza husukuma na kuvuta, kama mabehewa ya treni yanayogongana moja baada ya jingine. Katika mwamba mgumu hukimbia karibu kilometa 5 hadi 6 kwa kila sekunde.

Wimbi la pili hutikisa kwa upande, kama kamba iliyofungwa mtini ukaitikisa mwisho wake. Hilo ni la polepole zaidi, karibu kilometa 3 hadi 3 na nusu kwa sekunde. Nalo lina tabia moja muhimu sana: haliwezi kupita katika kitu cha majimaji. Likifika penye mawe yaliyoyeyuka hukatika, na likifika penye mawe yaliyoanza kulainika hudhoofika.

Ndiyo maana katika tetemeko unasikia kwanza mshtuko mfupi, kisha baada ya muda mtikisiko wenye nguvu zaidi. Ukihesabu sekunde kati ya mshtuko wa kwanza na ule wa pili, kisha ukazidisha mara 8, unapata kwa makisio umbali wa tetemeko kwa kilometa. Sekunde 5 ni kama kilometa 40. Vifaa vitatu vikifanya hesabu hiyo kutoka sehemu tatu, mahali tetemeko lilipotokea panajulikana.

MFANO WA BODABODA WA NTINDA

Kujua mahali tetemeko lilipotokea ni hatua ya kwanza. Kuchora kilichomo njiani ni hatua ya pili, na ndiyo ngumu. Hebu tuieleze kwa mfano wa Kampala.

Ntinda ni mtaa ulioko kaskazini-mashariki ya mji. Barabara zinazotoka Nakawa, Bukoto, Kiwatule na Kyambogo zinakutana pale. Chukua kwamba huruhusiwi kuingia Ntinda wala kuiona. Umepewa saa na daftari tu, na wenzako wamesimama pembeni, kila mmoja na saa yake. Bodaboda wote wanakwenda kwa mwendo ule ule.

Bodaboda wa kutoka Nakawa kwenda Kiwatule anachelewa dakika kumi. Wa kutoka Bukoto kwenda Kyambogo naye anachelewa dakika kumi. Lakini wa kutoka Kisaasi kwenda Kiwatule anafika kwa wakati. Hukuona kitu, lakini unajua. Njia mbili zilizochelewa zinakatizana Ntinda, na ile isiyopita Ntinda haikuchelewa. Basi msongamano uko kwenye makutano ya Ntinda.

Sasa weka tetemeko mahali pa kituo cha kuondokea. Weka kifaa kilichofukiwa mahali pa mwenzako mwenye saa. Weka mwamba wa moto mahali pa msongamano, kwa sababu katika mwamba wenye joto kali mawimbi hupunguza mwendo.

Angalia hesabu. Wimbi linalokwenda kilometa 5 kwa sekunde litamaliza kilometa 20 kwa sekunde 4. Lakini kama kilometa 5 za njia hiyo ni mwamba wa moto, na humo linakwenda kilometa 4 kwa sekunde, litafika baada ya sekunde 4 na robo. Kwa hiyo siri yote ya ghala la magma imo katika robo ya sekunde. Ndiyo maana kila kifaa kina saa inayosahihishwa kwa setilaiti, na ndiyo maana kompyuta hupewa maelfu ya safari kama hizo ili ipate ramani moja inayokubaliana na zote. Kazi hiyo huitwa tomografia. Ni ndugu ya ile mashine ya hospitali kubwa inayompiga mgonjwa picha kutoka pande zote, ili daktari aone ndani ya tumbo bila kisu.

Zingatia jambo moja katika mfano huu. Kama bodaboda wote wangetoka Nakawa kwenda Kiwatule, ungejua kwamba kuna msongamano, lakini usingejua uko wapi. Pengine uko Ntinda, pengine mbele yake. Lazima njia zikatizane. Kwa hiyo vifaa lazima viuzunguke mlima kutoka pande zote, hata mbali nao, hata katika shamba la mtu asiyeuona mlima wenyewe.

MAHALI PICHA ILIPOTHIBITIKA

Utauliza: nani alikwenda chini akathibitisha? Jibu liko Menengai, Kenya.

Kenya ilianza kazi hii mapema. Katika mradi uliojulikana kama KRISP, mwaka 1985 na tena 1990, wataalamu hawakungoja matetemeko. Walitengeneza yao kwa kulipua baruti chini ya maji, mwaka 1990 hata katika Ziwa Turkana na Ziwa Victoria, na vifaa vikasikiliza kandokando ya Bonde la Ufa. Ndipo ilipojulikana kwamba ganda la dunia lina unene wa karibu kilometa 35 katikati ya Kenya, lakini kaskazini chini ya Turkana limebaki karibu kilometa 20 tu.

Baadaye vifaa viliwekwa kuzunguka volkano zenyewe, kama Olkaria na Menengai, ili kusikiliza matetemeko madogo ambayo binadamu hayasikii. Chini ya Menengai mawimbi yalionyesha dalili ya mwamba wa moto usio na kina kirefu. Kuanzia mwaka 2011 kampuni ya serikali inayotafuta mvuke wa ardhini, GDC, ilichimba visima ndani ya kaldera. Katika visima kadhaa vya katikati, mtambo wa kuchimba uligusa magma yenyewe, kwa kina cha zaidi kidogo ya kilometa 2. Walijuaje? Vilipanda juu vipande vya kioo, yaani magma iliyoganda ghafla ilipokutana na maji ya kuchimbia.

Uganda nayo imepimwa. Mwaka 2006 na 2007 watafiti kutoka Ujerumani pamoja na wenzao wa Uganda waliweka vifaa zaidi ya 20 kuzunguka milima ya Rwenzori, katika mradi ulioitwa RiftLink. Walisikia mamia ya matetemeko madogo kila mwezi. Machache yalitoka kina cha kilometa 53 hadi 60, chini kabisa ya ganda la dunia, mahali ambapo mwamba kwa kawaida ni laini mno kukatika. Watafiti walieleza kwamba huenda ni magma inayopenya huko chini. Hata hivyo, tetemeko kubwa la Toro la tarehe 20 Machi 1966, lililoua zaidi ya watu 100, halikutoka katika volkano. Lilitokana na Bonde la Ufa lenyewe kupanuka na miamba yake kukatika. Si kila tetemeko ni mlima.

NYAMULAGIRA NA NYIRAGONGO

Huko Kongo, kituo cha utafiti cha Lwiro kilianza kusikiliza volkano za Virunga zamani, na mwaka 1986 kikaanzishwa kituo cha volkano cha Goma, OVG. Lakini vifaa vilikuwa vichache mno. Nyiragongo ilipopasuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani, kazi ya kusikiliza ilikuwa imebebwa na stesheni chache kama zile za Katale na Bulengo. Kwa vifaa viwili unasikia kwamba mlima unanguruma, lakini huwezi kuchora picha.

Baada ya hapo hali ilibadilika. Watafiti wa OVG walitumia mawimbi ya matetemeko ya mbali sana, yanayopanda kutoka chini na kupita chini ya Virunga, wakakuta tabaka ambamo mawimbi yanapunguza mwendo. Hiyo ni dalili ya mwamba wa moto. Kuanzia mwaka 2012, kwa ushirikiano na taasisi za Luxembourg na Ubelgiji, ulijengwa mtandao wa stesheni uitwao KivuSNet, unaotuma habari papo kwa papo.

Faida yake ilionekana Mei 2021. Jioni ya tarehe 22 Mei, Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Lava ilielekea Goma na kusimama ukingoni mwa mji, upande wa Buhene. Zaidi ya watu 30 walikufa na maelfu ya nyumba ziliungua. Wengi walidhani yamekwisha. Lakini kuanzia siku iliyofuata matetemeko yakawa mengi, kuta zikapasuka na barabara zikafunguka nyufa.

Wataalamu walipoweka matetemeko hayo kwenye ramani, waliona yanahama. Yalikuwa yanatoka mlimani kuelekea kusini, yanapita chini ya Goma na Gisenyi, mpaka chini ya Ziwa Kivu. Magma ilikuwa inatambaa ndani ya ufa, na picha za setilaiti zilionyesha ardhi ikifunguka juu yake. Baadaye ilikadiriwa kwamba magma ilifika chini ya nusu kilometa kutoka uso wa ardhi. Ziwa Kivu lina gesi nyingi vilindini, na ilihofiwa kwamba magma ikifumuka ndani ya maji, gesi hiyo ingeweza kutoka. Ndiyo sababu tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Karibu watu laki nne waliondoka, wengine kwa miguu hadi Sake, wengine kwa boti, wengine Rwanda.

Magma haikutoka. Mwezi Juni watu walianza kuruhusiwa kurudi. Wapo waliosema kwamba walidanganywa. Hawakudanganywa. Ufa uliokuwa chini ya nyumba zao ulikuwa wa kweli. Kama ingetokea nafasi ya kufumuka, wangekuwa wamelala juu yake.

PICHA HAISEMI KILA KITU

Ni haki yako kujua pia upungufu wa kazi hii.

Kwanza, picha haitoi tarehe. Mwaka 2021 dalili za wazi zilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Magma ilikuwa tayari karibu sana na juu, na kilichohitajika ni ukuta wa mlima kupasuka tu. Mtu akikuambia kwamba volkano italipuka mwezi fulani siku fulani, hajatumwa na kifaa chochote.

Pili, picha haina mistari myembamba. Stesheni zikiwa mbali mbali, kitu kidogo hupotea katikati yake, kama samaki wadogo wanavyopita kwenye nyavu zenye macho makubwa.

Tatu, picha husahihishwa. Chini ya kaldera kubwa ya Yellowstone nchini Marekani, utafiti wa 2015 ulikadiria kwamba katika ghala la juu ni karibu asilimia 9 tu iliyoyeyuka. Mwaka 2022 hesabu mpya ikasema asilimia 16 hadi 20. Mtaona kwamba hata pale, sehemu kubwa ni mawe magumu ya moto yaliyoloa magma, mfano wa sifongo. Ghala la magma si pango lenye ziwa ndani yake.

Sasa turudi kwenye lile swali la Goma. Je, mji utatumbukia? Kilichoonekana chini ya mji mwaka 2021 ni ufa mwembamba uliosimama wima, kama ubao uliochomekwa ardhini. Si ghala pana la kufanya kaldera. Hatari ya Goma ni nyingine, na ni kubwa ya kutosha: lava inayotiririka kutoka ubavuni mwa mlima, kama ilivyotokea 1977, 2002 na 2021, na magma inayopenya chini kwa chini. Jamaa zako walioko huko wanapaswa kujua njia ya kutokea na kusikiliza tangazo la OVG, badala ya kukimbizwa na uvumi au kudharau kila onyo.

WATU WA VIFAA WAKIJA KWAKO

Hapo nyuma tumesema kwamba vifaa lazima viuzunguke mlima kutoka pande zote. Virunga iko mpakani mwa nchi tatu, na stesheni za upande wa Uganda zinasaidia kuchora hata kilichoko chini ya Kongo. Kwa hiyo huenda siku moja watafiti wakafika katika eneo lako.

Vifaa ni vichache: chombo cha mviringo kinachofukiwa shimoni juu ya saruji, sanduku la kuhifadhi habari, betri, paneli ya sola, na antena ndogo ya setilaiti. Hupenda mahali patulivu, kama uwanja wa shule, kanisa au msikiti, au kona ya shamba, kwa sababu lori, mashine ya kusaga na hata ng'ombe wanaopita huchafua habari.

Kabla ya kukubali, fanya haya:

1. Omba kibali. Utafiti wowote nchini Uganda lazima usajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Ofisi yake iko Barabara ya Kimera, Ntinda, katika mtaa ule ule wa mfano wetu. Mtafiti wa kweli anayo barua ya Ntinda, na hataona vibaya ukiiomba.

2. Hakikisha kamanda wa makazi wa Ofisi ya Waziri Mkuu anamjua, na mwenyekiti wa LC amejulishwa. Ndani ya makazi ya wakimbizi hakuna anayechimba kimya kimya.

3. Uliza lengo. Mawimbi haya haya hutumika kutafuta mafuta, kama yalivyotumika Bunyoro kandokando ya Ziwa Albert. Una haki ya kuambiwa ni kazi ipi.

4. Kubalianeni kabla shimo halijachimbwa: kitakaa muda gani, nani atakilinda na kwa malipo gani, na nani atafukia shimo kikiondolewa. Andikeni, na kila upande ubaki na nakala.

Kikishawekwa, kisiguswe. Betri na paneli humvutia mwenye simu isiyo na chaji, na tunaelewa shida hiyo. Lakini betri ikiondolewa, stesheni hunyamaza, na upande mmoja wa picha huwa giza. Anayepoteza ni yule dada au mjomba anayelala chini ya mlima. Ukiona waya umekatwa au mbuzi wameng'oa antena, mwambie mlinzi au mwenyekiti siku hiyo hiyo.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, kifaa kinaleta tetemeko?
Hapana. Kinasikiliza tu. Redio yako inaposema mvua imenyesha, redio haikuleta mvua.

Je, kinanasa mazungumzo yetu?
Hapana. Kinapima mtikisiko wa ardhi, si sauti ya maneno. Nyayo za mtu anayepita karibu huonekana kama alama ya fujo, nazo hutupwa.

Je, kama hakuna tetemeko, kazi imesimama?
Siku hizi hapana. Mawimbi ya bahari yanayopiga pwani hufanya ardhi itetemeke kidogo mchana na usiku, hata huku bara. Wataalamu wamejifunza kutumia mnong'ono huo nao kuchora picha.

Tukisikia tetemeko hapa tufanye nini?
Nyumba za udongo na matofali yasiyochomwa huua kwa kuta zake. Ukiwa karibu na mlango, toka na usimame uwanjani, mbali na ukuta na nguzo. Ukiwa mbali na mlango, jikinge chini ya meza imara au kando ya kitanda, ukilinda kichwa. Usirudi ndani kuchukua vitu, kwa maana tetemeko jingine hufuata mara nyingi. Kisha andika saa na sekunde ulizohesabu kati ya mshtuko wa kwanza na wa pili, uzidishe kwa 8. Utakuwa na jambo la kweli la kumwambia jirani, kabla uvumi haujamfikia.

Mwenye swali jingine alilete ofisini au amkabidhi kiongozi wa kijiji chake. Maswali yatakayoletwa yatajibiwa katika toleo litakalofuata.